Modemu ya Tenki na Sauti ya Nesi Martha

Vijana wangu, nimewaona mkifanya kazi. Mnakaa kwenye kiti kinachozunguka, mnagusa kioo cha simu, na pampu iliyoko mbali huko inazimika. Sina ugomvi na hilo. Ila juzi mmoja wenu aliniuliza kama sisi wa zamani tulikuwa na kazi yoyote ya akili, au tulikuwa tunapanda milingoti tu. Nilicheka. Baadaye nikaona nimjibu, na ninyi wengine msikie.

Mimi nilikuwa fundi wa modemu za redio. Modemu ya redio ni kiboksi cha chuma unachoweza kukibeba kwapani. Upande mmoja unaingia waya wa kipimo cha maji, upande mwingine unatoka waya wa antena. Katika mradi wetu wa maji, ambao ulikuwa mdogo na siku hizi haupo tena, kiboksi kimoja kilikaa juu kwenye tenki, mguuni mwa Mlima Hanang. Cha pili kilikaa bondeni kwenye kisima kirefu. Kile cha chini kinaita, kile cha juu kinajibu maji yamefika wapi, na pampu inajiwasha au inajizima. Katikati hakuna waya, ni hewa tupu. Kazi yangu ilikuwa kuvipangia viboksi hivyo namna ya kuongea: kwa masafa gani, kwa nguvu kiasi gani, kwa kasi gani, na nani aanze.

Sikuanzia hapo. Nilianza kama opareta wa simu ya upepo kwenye shamba kubwa la ngano la serikali, huko kwenye tambarare. Kutwa nimeshika maiki, napokea habari za trekta lililokwama na dizeli iliyokwisha. Kisha ukaja wakati wa kubinafsisha. Wakubwa walikuja na magari, wakazunguka, wakatazama mashine, wakaondoka, na sisi tukaambiwa tumepunguzwa kazini. Nikarudi kwetu Mbulu, kwenye baridi, nikalima mahindi na maharage pamoja na mume wangu. Nilidhani nimeshamalizana na redio.

Aliyenitoa shambani ni Mzee Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Alikuwa mwanajeshi wa mawasiliano enzi zake, na zamani alikuja mara kwa mara kutengeneza redio za shamba la ngano. Alipopewa kazi ya kufunga modemu za mradi wa maji, alipanda basi hadi Mbulu kunitafuta. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mimi sijui kompyuta. Akasema wa kukaza nati na kubonyeza vitufe atawapata Katesh popote. Yeye alikuwa anamtaka yule mama wa shambani ambaye alikuwa hamkatizi mtu hewani.

Mume wangu alifikiri siku nzima, halafu akasema niende, mahindi yatapaliliwa.

Basi nikaenda kujifunza. Kompyuta tuliyopewa ilikuwa ya kubeba, lakini kuibeba ilikuwa sawa na kubeba jiwe la kusagia. Unaiunganisha na modemu kwa waya, kioo kinakuwa cheusi, unaandika amri herufi kwa herufi. Ukikosea herufi moja, kiboksi kinanyamaza, wala hakikuambii umekosea nini.

La kwanza nililofundishwa ni kutotamani kasi. Nyie mkiona namba kubwa mnaichagua, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mtu akikuita kutoka ng'ambo ya bonde halafu aseme harakaharaka, utasikia sauti bila maneno. Modemu ni hivyo hivyo. Kando ya bonde palikuwa na kilima kinachorudisha mwangwi, na kwa kasi kubwa ujumbe ulifika umevunjikavunjika. Tulipoipunguza kasi, ukafika mzima. Maji hayapandi kwenye tenki kwa sekunde, alisema Mzee Ramadhani, sasa haraka ya nini?

La pili ni pumzi. Redio ikiamriwa kurusha, haipati nguvu yake yote papo hapo, inahitaji kitambo kidogo sana. Modemu ikianza kusema kabla ya hapo, neno la kwanza linapotea, na ujumbe usio na neno la kwanza hutupwa wote. Kwa hiyo kuna mahali pa kupanga muda mdogo wa kusubiri kabla ya kusema. Sisi tulipaita pumzi. Nimekuta mafundi waliosoma sana na wasiosoma kabisa, wote wamebadilisha antena, wamebadilisha betri, wamegombana na mlinzi, kumbe tatizo ni pumzi.

Na msidhani mwalimu wangu hakukosea. Siku moja alivipa viboksi vyote viwili anwani moja. Cha kisimani kikawa kinaita, na chenyewe kinajiona ndicho kilichoitwa. Mzee Ramadhani alihangaika mchana kutwa, akasema nyani wamekata kebo, akampandisha mlinzi mlimani akawafukuze. Mlinzi alirudi jioni akasema nyani hawakuwapo. Wakati huo tulikuwa tumeshagundua kosa, na Mzee alimwambia mlinzi amefanya kazi nzuri, maana tangu amekwenda huko kebo imepona.

Mimi nami nilikuwa na vituko vyangu. Mwanamke kupanda mlingoti halikuwa jambo la kawaida kwetu. Nilivaa suruali ndani ya gauni, nikifika chini ya mlingoti nalikunja gauni kiunoni, na kila nilipopanda, kinamama waliokuwa wakienda kisimani walisimama kutazama. Bibi mmoja wa Kibarbaig, amevaa gauni lake la ngozi na bangili mikononi, aliniuliza kupitia mkalimani kama mume wangu anajua nilipo. Nikamwambia anajua. Akasema basi ni mwanaume mzuri, nishuke nije ninywe maziwa.

Sasa niwaambie habari ya Martha.

Mradi ulikuwa na miezi michache tu. Ni wakati ule mkoa wetu ulipomegwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, na barua zetu bado zilikuwa na mhuri wa zamani. Siku ya mnada, mwanamke mmoja mrefu alishuka kwenye lori la ng'ombe mbele ya ofisi yetu Katesh, akajipangusa vumbi, akaingia. Alisema yeye ni nesi wa zahanati ndogo upande wa Dirma, anaitwa Martha, na amekuja kumwona mtu anayepiga kelele kwenye redio yake.

Zahanati za vijijini wakati ule zilikuwa na simu ya upepo. Hakukuwa na simu za mkononi huko. Nesi akipata mgonjwa aliyemshinda, anaita hospitalini, daktari anamwelekeza, au gari linatumwa. Martha alisema tangu tumefunga mitambo yetu, kila akifungua redio anasikia mlio kama wa bati linalokwaruzwa, unakuja, unakata, unarudi. Wiki iliyotangulia aliita gari kwa ajili ya mama mwenye uchungu wa siku mbili. Alipotaja jina la kijiji, mlio ukampitia juu. Gari likaenda kijiji kingine. Yule mama walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara ya Singida, akajifungulia kando ya barabara. Wote wawili walipona.

Meneja wetu alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwonyesha karatasi ya kibali. Masafa yale tumepewa kihalali, alisema. Martha akasema na wao wanayo karatasi yao, ina namba zile zile, ofisi ya vibali ilikosea ikatupa sote njia moja.

"Mimi sikuja kushindana kwa karatasi," alisema. "Nimekuja kuuliza, huyo mtu wenu hewani hanisikii?"

Mzee Ramadhani alinitazama, na mimi nikamtazama. Jibu lilikuwa kwamba hamsikii.

Modemu ina uwezo wa kusikiliza kwanza. Kuna amri ukiiweka, kabla ya kurusha inatega sikio: kama kuna mtu anasema, inasubiri amalize. Mtaalamu aliyekuja na mitambo kutoka nje alikuwa ameizima amri hiyo, na alikuwa na sababu. Injini ya pampu ilikuwa inatoa kelele ya umeme, modemu ya kisimani ikiisikia inadhani ni mtu anaongea, inasubiri na kusubiri, na pampu inabaki haina habari za tenki. Akaona dawa ni kuiziba masikio. Yeye alipanda ndege akaondoka. Zahanati za Hanang na Mbulu zikabaki na mlio.

Kuomba masafa mengine ilikuwa safari ya barua hadi Dar es Salaam, na barua za wakati ule zilitembea kwa miguu. Meneja aliandika, lakini tulijua hapo katikati kuna kinamama watakaojifungua. Kwa hiyo mimi na Mzee Ramadhani tukaamua kuifundisha modemu kutofautisha kelele ya pampu na sauti ya Martha.

Tulianza kwa kuihamisha antena ya kisimani mbali na injini, tukachimbia waya wa ardhini upya. Kelele ikapungua ila haikuisha. Iliyobaki ni kutafuta kiwango. Ukiiwekea modemu masikio makali mno, inasikiliza injini. Ukiyapunguza mno, haimsikii mtu wa mbali, na zahanati ya Martha ndiyo iliyokuwa mbali na dhaifu kuliko zote, betri yenyewe imechoka. Kiwango sahihi kilikuwa katikati hapo, mahali pembamba, na njia ya kukipata ilikuwa moja tu: Martha aseme mfululizo, mimi nipunguze kidogo, niongeze kidogo, nitazame kama modemu inanyamaza anapoongea na inaongea anaponyamaza.

Tukapatana asubuhi ambayo zahanati haina wagonjwa wengi. Aliwaomba wenzake wote watuachie hewa, nami nikakaa kwenye kibanda cha pampu na redio ya mkononi ya Mzee Ramadhani pembeni. Kwanza alihesabu. Akachoka kuhesabu, akasoma majina ya dawa zilizoko kwenye kabati, halafu yakaisha, maana kabati lenyewe halikuwa na mengi. Nikamwambia, dada, endelea, bado sijafika. Akasema hana tena la kusema. Nikamwambia aseme lolote.

Ndipo akaanza kusimulia habari zake.

Alisema alizaliwa kwenye boma la ng'ombe wengi. Serikali ilipotaka kila boma litoe mtoto wa kwenda shule, baba yake aliwatazama watoto wake mmoja mmoja kama mtu anayechagua ng'ombe wa kupeleka mnadani, akamtoa yeye, kwa sababu kifua kilikuwa kinambana na hakuweza kukimbia nyuma ya mifugo. Alilia njia nzima. Shuleni alicheka kwa mara ya kwanza alipogundua kwamba watoto wa Kiiraqw, ambao nyumbani aliambiwa ni watu wa hila, na wao waliambiwa vivyo hivyo juu yake. Alisimulia mama yake alivyofariki akijifungua, yeye akiwa bwenini, na habari ikamfikia wakati ng'ombe wa matanga wameshachinjwa. Alisema ndipo alipojua atasomea nini.

Mimi vidole viko kwenye kompyuta, macho kwenye taa ya modemu, na machozi yananitiririka. Mzee Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni amevua kofia. Taa ilikuwa imetulia. Kila Martha alipovuta pumzi modemu ilipenyeza neno lake la maji, na alipoendelea, ilinyamaza. Tulikuwa tumekipata kiwango kitambo, na mimi sikumwambia. Nilimwacha amalize.

Alipomaliza, zahanati zote zilizokuwa zinasikiliza zikaanza kumsalimia mojamoja, hadi ile ya njia ya Haydom.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Ila tatizo jipya likazaliwa. Manesi wakianza kuongea asubuhi, kila mmoja na salamu zake na chanjo zake, modemu inasubiri kwa adabu, na pampu isipopata habari kwa muda tuliokuwa tumeupanga, inajizima kwa usalama. Meneja alilalamika kwamba bomba zinakauka kwa sababu ya umbea. Martha ndiye aliyetafuta dawa. Aliwaambia wenzake, kila mtu akimaliza kusema, asidakiwe papo hapo. Wamwachie mtoa maji nafasi kidogo. Wakakubali. Ungefungua redio ungewasikia: mmoja anasema, kimya kidogo, mlio mfupi wa modemu, mwingine anajibu. Waliizoea hata wakawa wanaiamkia. Nesi mmoja alikuwa akisikia mlio anasema, haya, tenki limeitika.

Sasa nifike kwenye siku tuliyojaribiwa. Masika, mito imejaa, njia ya hospitali imekatika. Ilikuwa tena siku ya mnada, Katesh imejaa watu na ng'ombe. Martha alipata mama anayetoka damu nyingi, na gari haliwezi kufika. Daktari alibaki kwenye redio akimwelekeza, hatua kwa hatua, na Martha anajibu huku mikono inafanya kazi, msaidizi wake amemshikia maiki. Hawakuwa na muda wa kuacha nafasi. Modemu ikasubiri. Pampu ikajizima. Tenki likaanza kushuka, na kabla ya saa sita bomba za mnadani zilikuwa zinatoa hewa.

Meneja alikuja kisimani na gari, amekasirika, na kusema kweli watu walikuwa wamemzonga. Aliniamuru nizime ile amri ya kusikiliza, modemu irushe kama zamani, hata kwa saa moja. Redio ndogo ya mkononi ya Mzee Ramadhani ilikuwa imewashwa, sauti ya Martha inatoka humo. Alikuwa anamwambia daktari kwamba mama bado anamjibu akimwita.

Nikamwambia Meneja, "Nisamehe, baba. Mimi siwezi kumkata."

Alisimama akisikiliza pamoja nasi, na hasira yake niliiona ikimtoka usoni taratibu. Kisha Mzee Ramadhani akauliza swali la kijinga kabisa: kabla ya modemu, pampu ziliendeshwaje? Ziliendeshwa na mtu anayewasha na mtu anayetazama. Basi yeye akabaki chini, akaigeuza swichi kwenda upande wa mkono, akawasha. Mimi nikapelekwa na Meneja kwa gari hadi linapoweza kufika, nikapanda kilima, nikapanda na ngazi ya tenki, nikafunua mfuniko nikatazama maji kwa macho yangu. Kwa kuwa hewa ilikuwa ya Martha, tulikubaliana nikiipunga kanga yangu azime, nikiipunga tena awashe. Nilikaa juu ya lile tenki mchana wote, mvua inakuja inapita, nikiona bonde zima hadi kwenye ziwa la chumvi huko mbali, na chini Mzee kama nukta kando ya kibanda cha pampu. Maji yalipopanda nikapunga, akazima. Yaliposhuka nikapunga, akawasha. Meneja alinisubiri kwenye gari, na jioni aliniuliza kwa upole kama hayo mamilioni ya mitambo tuliyanunua ya nini. Tulicheka sana, maana tulikuwa tumechoka.

Yule mama alipona. Mtoto hakupona. Martha alilitangaza hilo kwenye redio kwa sauti ya kawaida, akawashukuru wote waliomwachia hewa, akazima, na siku mbili hatukumsikia. Siku ya tatu asubuhi akaita kama kawaida.

Kibali cha masafa yetu wenyewe kilikuja baadaye, nilikuwa nimeshasahau kama tuliomba. Niliandika namba mpya kwenye viboksi vyote viwili, nikapandisha kasi kidogo, nikaongeza nguvu, kwa sababu sasa hakuna wa kumsumbua. Ilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Mzee Ramadhani alinipongeza, akarudi Kondoa kupumzika, na huko ndiko alikozikwa. Nami nikabaki na mtambo usio na matatizo, ofisini kimya, na nikagundua sijui tena nani kajifungua wala nani kaishiwa chanjo.

Nikapanda lori nikaenda Dirma kumpa Martha habari. Nilimkuta anaanika mashuka kwenye uzio wa miiba. Alinikaribisha ndani, akanimiminia chai ya maziwa, na redio ilikuwa imewashwa mezani, manesi wanasalimiana. Nikasikia mmoja anamaliza, halafu kimya kidogo, halafu mwingine anaanza. Nikamwambia, Martha, waambie waache, tumeshahama, hakuna tena wa kuachiwa nafasi.

"Najua mmehama," alisema. "Mlio umekwisha wiki nzima. Sisi tumeona bora tuendelee."

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Redioni nesi mmoja akamaliza kusema, na kabla ya mwingine kuanza, katika kile kimya, ikaja sauti ndogo sana, ya mbali, ya nesi wa ng'ambo huko Mbulu, betri yake inakaribia kuisha, anaita, jamani kuna anayenisikia. Martha aliweka kikombe chini, akachukua maiki, akamwambia, ninakusikia, dada, sema taratibu.

Nikasogeza kiti changu nikanyamaza.